Mwulize Bakteria Anakula Nini

Paukwa!

Nimewasikia mlivyoitikia. Basi sogeeni karibu, vijana wangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kuku, ina bakteria, ina binti wa kidato cha pili na daktari wa mifugo. Watu wake nimewatunga mimi, lakini kila kipimo mtakachokisikia ni cha kweli, na ndivyo kinavyofanywa katika maabara za mifugo hapa Afrika Mashariki na kwingineko duniani.

Palikuwa na mama mmoja mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, aliyefuga kuku chotara 200. Kuku hao walikuwa na umri wa miezi mitano, ndiyo kwanza wanaanza kutaga. Asubuhi moja akakuta watatu wamekufa. Kesho yake wakafa watano. Waliobaki walijikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamewasimama, vilemba vimepauka, na kinyesi cha majimaji chenye rangi ya njano na kijani kimewagandia mkiani.

Majirani hawakukawia kuleta ushauri. Wa kwanza akasema, "Huo ni mdondo, mama. Hauna dawa huo." Wa pili akadakia, "Mdondo gani! Nenda duka la dawa za mifugo, chukua ule unga wa njano, changanya kwenye maji yao, kesho utawaona wamechangamka." Wa tatu akaona amewazidi wote: "Changanya dawa mbili kwa mpigo. Ikikosa hii, itapata ile."

Mama alishafungua pochi. Binti yake akamshika mkono.

"Mama, hata hatujui wanaumwa nini. Tuwapeleke wakapimwe kwanza."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na binti yule alikuwa na sababu ya kuuliza. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na kirusi, na dawa za kuua bakteria hazimfanyi kirusi kitu. Kipindupindu cha kuku na homa ya matumbo ya kuku huletwa na bakteria, tena kila ugonjwa una bakteria wake. Lakini kuku anayeumwa lolote kati ya hayo hujikunyata, hukataa kula na huweza kuhara. Kwa macho matupu utabahatisha tu, na kubahatisha kwa mfugaji ni gharama: hela inakwenda, kuku wanakwenda, na ugonjwa unabaki.

Siku ya kwanza: ini la rangi ya shaba

Mama na binti wakachukua kuku wawili waliokufa alfajiri ile, wakawafunga kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki, wakawalaza kwenye ndoo yenye barafu, wakaenda maabara.

"Shikamoo, daktari," binti alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Wamekufa lini hawa?"

"Alfajiri ya leo."

"Wameshapewa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Mmefanya vizuri sana," daktari alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba haambiwi hivyo kila siku.

Maswali hayo mawili yana uzito. Kuku akikaa juani tangu asubuhi hadi jioni, bakteria wa kawaida wa utumboni hupenya na kuenea mwili mzima, na mwuaji wa kweli hupotea katikati ya umati. Naye kuku aliyekwisha kunyweshwa dawa huweza kuwa na bakteria waliodhoofika kiasi kwamba hawaoti tena maabara. Wamo, lakini huwapati.

Daktari akavaa glavu na kumpasua kuku wa kwanza. Ini lilikuwa limevimba, lina rangi ya shaba iliyochanganyika na ukijani. Wengu nao ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Alikuwa na la kushuku, lakini hakulitamka. Akaweka bapa la kisu kwenye moto mpaka likapata joto kali, akalibonyeza juu ya ini. Ini likatoa sauti na mvuke kidogo. Sehemu ile ya juu, ambayo mikono na hewa vimeigusa, ikawa imeungua na kila bakteria wa nje amekufa. Kisha akachukua waya mwembamba wenye kitanzi nchani, akauchoma mpaka ukawa mwekundu, akauacha upoe, akauchomeka katikati ya ile alama ya moto hadi ndani ya ini. Kilichotoka na waya ule kilitoka ndani ya kuku, si mezani wala kwenye vidole vya mtu.

Akaupitisha waya juu ya sahani mbili zenye chakula cha bakteria. Alichora mistari upande mmoja, akauchoma waya tena, akachora mistari mingine kuanzia mwisho wa ile ya kwanza, akachoma tena, akachora tena. Kila mara bakteria wanaobebwa hupungua, mpaka kwenye mistari ya mwisho wanaachwa mmojammoja, kila mmoja kivyake. Usiku kucha kila mmoja atajigawa mara nyingi, na asubuhi watoto wake wataonekana kwa macho kama kidoti. Kidoti hicho huitwa koloni, na wote waliomo ni wa ukoo wa mzazi mmoja.

Chakula kile hugandishwa kwa agari, kitu kinachotengenezwa kutokana na mwani mwekundu wa baharini. Aliyeileta maabara ni Fanny Hesse. Mumewe, Walther, alifanya kazi kwa Robert Koch nchini Ujerumani, na jelatini waliyokuwa wakiitumia ilikuwa ikiyeyuka kwenye joto. Fanny alikuwa akigandishia jeli kwa agari jikoni kwake, na mwaka 1881 akapendekeza waijaribu. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie joto la maji yanayochemka. Sahani yenyewe yenye mfuniko ilielezwa mwaka 1887 na Julius Richard Petri, naye msaidizi wa Koch, na mpaka leo inaitwa sahani ya Petri.

Daktari akaziingiza sahani kwenye kabati la joto la nyuzi 37, akafunga mlango. "Rudini kesho," akasema.

Siku ya pili: rangi zinaanza kusema

Kesho yake sahani ya kwanza, yenye damu ya kondoo, ilikuwa na koloni ndogo za kijivu. Ya pili ndiyo binti aliyoikodolea macho. Ni agari ya MacConkey, iliyopewa jina la Alfred Theodore MacConkey aliyeibuni Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mna chumvi za nyongo, ambazo huzuia bakteria wengi wasiozoea maisha ya utumboni. Mna sukari ya maziwa, yaani laktosi. Na mna kiashiria, rangi inayogeuka kukiwa na asidi.

Kama mnataka kuona kiashiria kinavyofanya kazi, chukueni juisi ya rozela iliyochemshwa bila sukari. Ni nyekundu. Tieni magadi kidogo, itageuka kuwa ya bluu au kijani. Kamulieni limau la kutosha, wekundu utarudi. Rangi inawaambia kama maji yana asidi au la, bila ninyi kuonja. Maabara hutumia viashiria vya namna hiyo hiyo, ila vyao vimechaguliwa ili vigeuke panapohitajika hasa.

Sasa fikirini. Bakteria anayeweza kula laktosi akiila huacha asidi. Ndiyo maana maziwa yakikaa huchacha. Kwenye agari ya MacConkey, bakteria wa namna hiyo koloni zake huwa za waridi. Escherichia coli, aliyegunduliwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, anakula laktosi. Koloni zake ni za waridi iliyokolea. Naye huua kuku wengi, hasa wale waliokwisha kudhoofishwa na hewa chafu ya banda au na ugonjwa mwingine. Salmonella hawezi kula laktosi. Koloni zake hukaa bila rangi.

"Za kwetu hazina rangi," binti alisema.

"Umeona mwenyewe. E. coli tumemtoa kwenye orodha. Tumebakiwa na wengine."

Hapa ndipo penye kiini cha hadithi nzima, vijana wangu. Bakteria hatamki jina lake. Umbo lake halitoshi kumtambulisha, maana chini ya hadubini E. coli na Salmonella wote ni vijiti vidogo vinavyofanana kabisa. Lakini kila bakteria ana vimeng'enya vyake, na vimeng'enya ndivyo vinavyoamua atakula nini, ataweza kuvunja nini na ataacha taka gani. Hayo hawezi kuyaficha. Kipimo cha kibayokemia ni swali: unampa chakula fulani, unaweka kiashiria, unasubiri rangi. Swali moja halitoshi. Ukiuliza maswali kumi yaliyopangwa vizuri, majibu yake kwa pamoja hayatamfanania mwingine.

Daktari akaanza na rangi ya Gram. Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, aliigundua mwaka 1884 akiwa Berlin, akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Koloni hupakwa kwenye kioo chembamba na kukaushwa kwa moto. Humwagiwa rangi ya zambarau, halafu iodini inayoishikiza rangi ile ndani. Kisha huoshwa kwa alkoholi kwa sekunde chache, na mwishowe hupakwa rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene huishikilia zambarau. Wenye ukuta mwembamba huiachia ikaondoka na alkoholi, nao huchukua wekundu. Binti akachungulia kwenye hadubini, akaona vijiti vifupi vya waridi vimetapakaa. Hao ndio huitwa Gram hasi.

Kama wangekuwa mipira ya zambarau, njia ingekuwa nyingine. Daktari angeweka tone la haidrojeni peroksaidi juu ya bakteria. Kati ya mipira hiyo, stafilokoka hutoa povu papo hapo kwa sababu ana kimeng'enya cha katalesi, streptokoka hatoi. Kipimo hiki mnaweza kukiona darasani mkiwa na mwalimu, kwa kipande cha ini bichi badala ya bakteria, maana ini nalo lina katalesi tele. Stafilokoka ndiye mara nyingi hukutwa kwenye nyayo za kuku zilizovimba na kujaa usaha.

Swali lililofuata lilichukua sekunde kumi tu. Daktari akalowesha karatasi kwa kemikali ya kipimo cha oksidesi, akachota koloni kwa kijiti cha mti, akaipaka. Binti akauliza kwa nini hakutumia ule waya.

"Waya ukiwa na chuma unaweza kuigeuza karatasi rangi wenyewe," daktari akamjibu. "Tutadhani bakteria amejibu, kumbe amejibu waya."

Karatasi haikugeuka. Ingegeuka zambarau iliyokolea, macho yote yangeelekea kwa Pasteurella multocida, bakteria wa kipindupindu cha kuku. Huyo ana oksidesi, na kwenye MacConkey kwa kawaida haoti kabisa. Ana historia yake. Mwaka 1879 Louis Pasteur, huko Ufaransa, alikuwa akimchunguza. Kuku waliochomwa sindano ya bakteria wa zamani, waliokaa muda mrefu bila kuhamishiwa chakula kipya, waliugua kidogo wakapona. Walipochomwa bakteria wapya wakali, hawakufa. Kwa bakteria wa kuku Pasteur akaonyesha kwamba kimelea aliyedhoofishwa maabara anaweza kuwa chanjo, na njia hiyo ikaja kuokoa watu na wanyama wengi.

Na wapo bakteria wagumu zaidi kuhoji. Yule wa mafua makali ya kuku, Avibacterium paragallinarum, hawezi kuota peke yake kwenye agari ya damu ya kawaida, kwa sababu anahitaji kirutubisho asichoweza kujitengenezea. Wataalamu humwotesha kwa kuchora mstari wa stafilokoka katikati ya sahani. Stafilokoka hukivujisha kirutubisho kile, na siku ya pili koloni ndogo kama matone ya umande huonekana zimejipanga kandokando ya mstari. Mbali na hapo hapaoti kitu. Anayelijua jambo hilo humtambua. Asiyelijua ataiona sahani tupu na kusema kuku hana bakteria.

Kabla ya kufunga kazi siku hiyo, daktari alichota koloni moja isiyo na rangi, akaipanda kwenye safu ya testityubu. Kila tyubu ilikuwa na swali lake.

Siku ya tatu: tyubu zinasomwa

Tyubu ya kwanza ina sukari tatu na chuma. Sukari hizo ni glukosi kidogo sana, laktosi mara kumi ya glukosi, na sukrosi kiasi kilekile cha laktosi. Agari yake imegandishwa ikiwa imelazwa, kwa hiyo juu ina mteremko unaopata hewa na chini ina kitako kisicho na hewa. Kiashiria chake ni cha njano kwenye asidi na chekundu pasipo na asidi.

Bakteria anayeweza kula laktosi au sukrosi ana chakula tele, huigeuza tyubu nzima kuwa njano na ikabaki hivyo. Asiyeweza hula glukosi ile kidogo. Saa za mwanzo tyubu yake nayo huwa njano yote. Glukosi ikiisha, huko juu penye hewa huanza kula protini na kutoa amonia, na mteremko unarudi kuwa mwekundu. Kitako, kisicho na hewa, hubaki njano. Kwa hiyo ukiisoma tyubu mapema mno utadanganyika, na ukichelewa mno kuisoma utadanganyika pia. Husomwa kati ya saa 18 na 24. Haraka haraka haina baraka, wala ulegevu hauna.

Kile chuma nacho kina kazi yake. Bakteria akitoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, hukutana na chuma na kufanya weusi. Bakteria akitoa gesi nyingine kutokana na glukosi, agari hupasuka au kuinuliwa.

Tyubu ya binti yetu ilikuwa na mteremko mwekundu, kitako cha njano, weusi hafifu pale waya ulipochomekwa, na hakuna hata ufa mmoja wa gesi.

Daktari hakusema neno. Akachukua ya pili, yenye yurea. Proteus, ambaye naye hana rangi kwenye MacConkey na naye hutoa weusi, angeivunja yurea na kuigeuza tyubu kuwa ya waridi kali. Hii haikugeuka. Proteus akatoka.

Ya tatu ni ya indoli na mwendo. Agari yake ni laini, na bakteria huchomekwa katikati kwa waya ulionyooka. Mwenye vijimkia vya kuogelea hutawanyika, na tyubu nzima huwa na ukungu. Wengi wa jamii ya Salmonella huogelea. Huyu alikuwa ameota kwenye mstari wa waya tu, hakusogea hata kidogo. Matone machache ya kemikali ya Kovacs yalipotiwa juu, hapakutokea pete nyekundu, maana yake hakuna indoli. E. coli angetoa pete hiyo.

"Salmonella asiyeogelea," daktari akasema taratibu. "Kwa kuku, hao wako wawili."

Ndugu wawili wanaofanana mno

Wa kwanza huitwa Salmonella Gallinarum. Huleta homa ya matumbo ya kuku, na mara nyingi hushambulia kuku wanaokua na wakubwa. Wa pili huitwa Salmonella Pullorum. Huleta kuhara kweupe, na huua hasa vifaranga katika wiki zao za mwanzo. Jina Salmonella limetokana na Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Yule wa homa ya matumbo alielezwa na Edward Klein huko Uingereza mwaka 1889, na yule wa vifaranga akaelezwa na Leo Rettger wa Marekani mwaka 1900.

Wote wawili hawaogelei. Wote wawili wana alama zilezile za juu ya mwili, kwa hiyo hata ukiwapima kwa seramu inayotambua alama hizo, utapata jibu moja. Siku hizi wanasayansi huwahesabu kuwa tawi moja lenye aina mbili. Kinachowatenga katika maabara ya kawaida ni chakula chao.

Tyubu ya nne ilikuwa na dulsitoli, sukari iliyo adimu kidogo. Gallinarum huila na kuacha asidi. Pullorum haigusi. Tyubu ya binti ilikuwa imegeuka njano: sukari imeliwa.

Tyubu ya tano ilikuwa na ornithini, imefunikwa kwa mafuta juu ili hewa isiingie. Pullorum huivunja ornithini. Tyubu yake huanza kuwa njano kwa ajili ya glukosi iliyomo, kisha hurudi kuwa zambarau. Gallinarum hana kimeng'enya hicho, kwa hiyo njano hubaki njano. Binti akainyanyua tyubu dirishani, akaitazama kwenye mwanga. Njano tupu.

"Dulsitoli ndiyo, ornithini hapana," akasema. "Ni Gallinarum, daktari?"

"Ni Gallinarum. Na lile ini la rangi ya shaba, na umri wa kuku wenu, vyote vinakubaliana naye. Kuku wenu wana homa ya matumbo. Hawana mdondo."

Angalieni daktari alivyofanya. Alilishuku jibu tangu siku ya kwanza alipoliona ini, lakini hakulitamka mpaka ushahidi ulipotimia. Zipo maabara zenye vipimo vya haraka zaidi, vinavyosoma vinasaba vya bakteria kwa saa chache. Hata hivyo, tyubu za rangi zinaendelea kutumika, kwa sababu ni nafuu, zinaaminika, na hazihitaji mashine ya mamilioni.

Swali la mwisho: dawa ipi?

Kujua jina la ugonjwa ni nusu ya kazi. Daktari akawatandaza bakteria wale sahani nzima, akaweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye kipenyo cha milimita 6, kila kimoja kikiwa na dawa yake. Kesho yake, kukizunguka kidonge ambacho dawa yake inawaweza bakteria palikuwa na duara tupu, na daktari akalipima kwa rula. Kukizunguka kidonge cha tetrasaiklini, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni. Dawa ile haikufua dafu. Nayo ni ya jamii ileile ya unga wa njano ambao mama alikuwa anakwenda kuununua.

Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kila tunapowanywesha kuku dawa bila sababu, au dozi nusu, bakteria dhaifu hufa na sugu hubaki kuzaana. Usugu huo hauishii bandani. Bakteria sugu hutoka na kinyesi, na nyama, na maji, na wanaweza kuwafikia watu. Siku mtoto atakapougua, dawa iliyochezewa bandani huenda ikashindwa hospitalini.

Mama akapewa dawa iliyoonyesha duara, pamoja na maelekezo ambayo dukani asingeyapata. Mayai yasiliwe wala kuuzwa mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa na daktari zipite. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina, isitupwe jalalani wala kupewa mbwa. Maranda yaondolewe, banda lisafishwe, panya wazuiwe. Na kubwa kuliko yote: kuku aliyepona homa ya matumbo anaweza kubaki na bakteria na kuwapitisha kwenye mayai, kwa hiyo mayai ya kundi lile yasitotoleshwe kamwe. Atakaponunua vifaranga wengine, anunue kwa mtotoleshaji ambaye kuku wake wazazi wamepimwa damu, na azungumze na daktari kuhusu chanjo. Ipo chanjo itokanayo na aina dhaifu ya bakteria huyuhuyu, iitwayo 9R, iliyoelezwa na H. Williams Smith wa Uingereza mwaka 1956 na ambayo bado inatumika.

Neno langu kwenu

Nyumbani msijaribu kuotesha bakteria kwenye vyombo, hata kwa nia njema. Anayeota huenda asiwe yule mliyemtaka, na maabara ina moto, kabati na mafunzo ambavyo ninyi hamna. Mkishika kuku, mayai au kinyesi, nawieni kwa sabuni. Salmonella wa homa ya matumbo ya kuku ni nadra kumwuguza mtu, lakini wapo ndugu zake wanaopita kwenye mayai na nyama isiyoiva na kuwalaza watu hospitali.

Kama kwenu mnafuga, jueni maabara iliyo karibu kabla ugonjwa haujaingia. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, Dar es Salaam, nao una vituo mikoani. Na Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo. Kenya kuna maabara kuu ya veterinari ya Kabete, Nairobi. Kama hujui pa kuanzia, anza kwa afisa mifugo wa kata yako.

Nanyi mnaopenda Kemia na Baiolojia, yashikeni masomo hayo kwa mikono miwili. Afrika Mashariki ina wafugaji wengi kuliko wataalamu wa kuwasomea tyubu zao, na kazi hiyo inawasubiri ninyi.

Kuku wenu wakianza kufa, msikimbilie dukani. Chukueni aliyekufa muda huohuo, mfungeni kwenye mfuko, mwekeni kwenye barafu, mpelekeni akapimwe. Dawa inunuliwe baada ya jibu kutoka.